SOMO LA MSUMENO WA UKANDA: KUUSIMAMISHA NA KUUJARIBU KWA SALAMA

Wanachama wenzetu,

Mashine ya kupasulia mbao ambayo mkutano wetu mkuu ulikubali inunuliwe imekwisha fika, na sasa imo katika banda jipya nyuma ya ghala. Imefunikwa turubali, na waya wake wa umeme haujaungwa. Tumeyasikia yanayosemwa barazani: kwamba fedha zimetoka, mashine imekuja, msimu u karibu, na sisi twaitazama tu kama bibi harusi. Wako wenye magogo ya mifenesi na miembe yaliyolala mashambani yakiliwa na mchwa. Na ghala letu lataka chaga za kuwekea magunia, ili karafuu kavu zisikae juu ya sakafu zikavuta unyevu. Haja hizi ni za kweli, na hapana anayezikataa.

Lakini jibu letu ni moja, nalo ndilo somo la mara hii: mashine mpya haihesabiwi kuwa nzima mpaka imejaribiwa. Kutoka kiwandani hata kufika hapa kisiwani imepakiwa na kushushwa mara nyingi, imevuka bahari, na imetikisika katika gari juu ya njia zetu za milima na mabonde. Bolti iliyokazwa huko yaweza kuwa imelegea hapa. Tena mashine hii haina onyo la pili. Mkulima wa karafuu hushika tawi kwa mkono mmoja na kuchuma kwa wa pili, na akirudi nyumbani huchambua kwa mikono yote miwili. Aliyepoteza vidole vyake amepoteza na shamba lake, hata kama mikarafuu imesimama pale pale.

Basi twaomba kila mwanachama, hata asiyekusudia kuigusa mashine hii, asome somo hili mpaka mwisho na amsomee asiyejua kusoma.

MSUMENO HUU NI KITU GANI

Msumeno tuliouzoea, wa mkono, hukata ukienda na kurudi. Msumeno wa ukanda haurudi. Ni ukanda mwembamba wa chuma cha pua wenye meno ukingoni mmoja, uliounganishwa ncha kwa ncha ukawa duara, kisha ukavishwa juu ya magurudumu mawili, moja juu na moja chini. Mota huzungusha gurudumu la chini, na ukanda hulizungusha la juu. Kati ya magurudumu hayo iko meza ya chuma yenye ufa, na ukanda hupita katika ufa huo ukishuka daima. Kwa kuwa meno hushuka, mbao hukandamizwa mezani wala haitupwi juu. Hiyo ni faida kubwa ya msumeno huu kuliko ule wa duara, ambao waweza kumrudishia mtu mbao kifuani.

Mtu wa kwanza kuandikiwa haki ya msumeno wa namna hii alikuwa William Newberry wa Uingereza, mwaka 1808. Lakini kwa miaka mingi haukufaa kitu, kwa sababu mafundi hawakujua kuunga ncha mbili za ukanda zikavumilia kupinda na kunyoka mara elfu kwa saa. Ukanda ulikatika pale pale penye kiungo. Hata mwaka 1846 mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crepin, alipata njia ya kuunga iliyo imara, ndipo msumeno huu ukaingia katika viwanda. Twaieleza hadithi hii kwa sababu ina faida leo: kiungo kile kingalipo katika kila ukanda, na ndicho cha kwanza kutazamwa kila asubuhi.

Mashine yetu ina magurudumu yenye upana wa inchi 18. Gurudumu likizunguka mara 850 kwa dakika, ukanda huenda kiasi cha mita 20 katika sekunde moja. Yaani katika muda wa kusema neno “basi”, meno yaliyo mbele ya kidole chako yamekwisha pita urefu wa nyumba nzima. Hapana mkono wa binadamu unaoweza kuondoka haraka kuliko hayo. Kwa hivyo usalama hautegemei wepesi wa mtu; wategemea yale aliyoyatengeneza kabla ya kubonyeza kitufe.

MAHALI PA KUUSIMAMISHA

Kwanza, msumeno usiwekwe ndani ya ghala la karafuu. Unga wa mbao ukiingia katika karafuu huichafua, na karafuu iliyochanganyika na taka hushuka daraja. Tena unga wa mbao ulio mkavu hushika moto upesi, na ghala limejaa magunia. Ndiyo sababu tumejenga banda la peke yake.

Pili, sakafu iwe ya saruji na iwe sawa. Wekeni pimamaji juu ya meza ya mashine, kwa urefu na kwa upana. Penye bonde wekeni kipande cha bati chini ya mguu, kisha mashine ifungwe kwa bolti nne zilizozikwa katika saruji. Mashine hii ni ndefu na uzito wake uko juu. Isipofungwa, gogo zito likiegemea meza yaweza kuanguka.

Tatu, iachwe nafasi mbele na nyuma. Mwenye kupasua boriti ya futi 10 ataka futi 10 mbele ya ukanda na futi 10 nyuma yake, na nafasi ya mtu kusimama. Mashine ikibanwa ukutani, mtu hulazimika kuigeuza mbao katikati ya kazi, na hapo ndipo ukanda hupindwa.

Nne, uwepo mwanga wa kutosha, wala kivuli cha mtu kisianguke mezani. Sakafu isiwe na mafuta wala vipande vya mbao vya kujikwaa.

Meza na magurudumu yamepakwa mafuta mazito ili chumvi ya bahari isiyaharibu njiani. Mafuta hayo yafutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha meza ipakwe nta nyembamba. Kazi hii yote hufanywa waya wa umeme ukiwa haujaungwa kabisa.

UMEME

Kazi ya umeme ni ya fundi mwenye leseni, wala si ya kijana ajuaye kutengeneza redio. Lakini mwanachama apaswa kujua fundi atafanya nini, ili asidanganywe.

Msumeno upate njia yake wenyewe kutoka kwenye swichi kuu, usichangie na taa wala na friji. Usiungwe kwa waya wa kurefushia unaotambaa sakafuni. Waya wa ardhi lazima uwepo na upimwe, kwa sababu mwili wote wa mashine ni chuma, na chuma kikipata umeme, wa kwanza kukigusa ndiye atakayeupitisha.

Kibao kidogo kilichopigiliwa kwenye mota kisomwe kabla ya kuunga cho chote. Umeme wetu ni wa volti 230 kwa fezi moja na volti 400 kwa fezi tatu, nao ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Ziko mashine zinazouzwa kwa bei rahisi zilizotoka nchi zenye volti 110 na mizunguko 60. Mota ya volti 110 ikiungwa katika volti 230 huungua mara moja. Na mota iliyoandikwa mizunguko 1,725 kwa dakika huko kwenye 60, huku kwetu huzunguka kiasi cha 1,425 tu, na msumeno huenda polepole kuliko ulivyokusudiwa. Yetu imeandikwa volti 400 na 50, fezi tatu. Kwa hivyo yafaa.

Jaribio la kwanza. Hili hufanywa kabla ya kuvisha ukanda. Katika umeme wa fezi tatu, waya mbili zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume. Msumeno ukizunguka kinyume, meno hupanda badala ya kushuka, na mbao itainuliwa mezani pamoja na mikono iliyoishika. Kwa hivyo fundi aunge, milango ya magurudumu ifungwe, mota iwashwe kwa sekunde moja na kuzimwa, na mtu atazame kwa mbali, kwenye tundu la kinga, puli inazungukia wapi. Ikiwa ni kinyume, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na fundi abadilishe waya mbili katika zile tatu. Kisha jaribio lirudiwe.

KUVISHA UKANDA

Swichi kuu izimwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayevisha ukanda. Asiupe mtu mwingine, hata awe mwenyekiti.

Ukanda mpya huja umekunjwa mikunjo mitatu na kufungwa. Ukifunguliwa huruka kama chatu aliyekanyagwa. Vaa glavu nene na miwani ya kukinga macho, watu wasogee mbali, uushike mbali na uso, na uuache ufunguke polepole. Glavu hizi ni za kushikia ukanda uliosimama tu. Mashine ikizunguka, glavu zivuliwe, maana jino likinasa uzi wa glavu huvuta mkono mzima.

Tumeletewa kanda za namna tatu: za robo inchi, nusu inchi na robo tatu ya inchi. Ukanda mwembamba hupinda kona, mpana huenda moja kwa moja. Wa robo inchi waweza kukata duara lenye upana wa inchi moja na robo. Wa nusu inchi hauwezi duara lililo dogo kuliko inchi 5. Atakayeulazimisha atausokota na kuukata. Kwa kupasua magogo na mbao za chaga tutatumia wa robo tatu, wenye meno matatu katika kila inchi. Kwa ubao mwembamba yatakiwa meno mengi zaidi. Kanuni ni hii: wakati wo wote meno yasipungue matatu ndani ya mbao, la sivyo jino moja hunasa mbao na kuitupa.

Kabla ya kuuvisha, upitishe ukanda wote mbele ya macho, penye mwanga. Tazama kiungo: kiwe laini, kisiwe na kibonge. Tazama mizizi ya meno, maana nyufa huanza hapo. Ukanda wenye ufa hautengenezwi. Hukatwa vipande na kutupwa, ili asije mwingine akauvisha.

Kisha fuata utaratibu huu:

1. Vishikizi virudishwe nyuma. Vishikizi ni vile vipande viwili vilivyo ubavuni mwa ukanda, juu ya meza na chini yake, pamoja na beringi iliyo nyuma ya mgongo wa ukanda.

2. Gurudumu la juu lishushwe, ukanda upitishwe katika ufa wa meza na uvishwe. Meno yamwelekee mtu anayekata, na ncha zake zitazame chini. Ikiwa zatazama juu, ukanda umevaliwa ndani nje. Uvuliwe, upinduliwe kama mkono wa shati, na uvishwe tena.

3. Gurudumu la juu liinuliwe mpaka ukanda ukaze, kwa kipimo cha upana wake kilichoandikwa kwenye mashine. Ukiusukuma ubavuni kwa kidole, penye nafasi ya inchi 6, usisogee zaidi ya robo inchi. Uliolegea hutangatanga ndani ya mbao. Uliokazwa mno hukatika.

4. Gurudumu la juu lizungushwe kwa mkono, polepole, na ukanda utazamwe. Ukielekea mbele au nyuma, parafujo ya kulaza gurudumu igeuzwe kidogo kidogo mpaka ukanda utulie katikati ya mpira wa gurudumu. Mkono ushike miti ya gurudumu, usishike ukanda.

5. Ukiisha tulia, ndipo vishikizi visogezwe. Ubavuni, nafasi iwe unene wa karatasi moja kila upande, na vishikizi viwe nyuma ya meno, visiyaguse. Beringi ya nyuma iwe karibu na mgongo kwa unene wa karatasi vile vile. Isizunguke mpaka mbao inaposukuma ukanda. Ikizunguka mashine ikiwa tupu, italiwa upesi, na ukanda nao.

6. Skwea iwekwe mezani ikiegemea ubavu wa ukanda. Pakionekana mwanga kati yao, meza ilegezwe, inyoshwe, na ikazwe.

7. Milango yote miwili ifungwe, na kinga ya ukanda ishushwe.

MAJARIBIO YALIYOBAKI

Jaribio la pili: kwa mkono. Umeme ungali umefungwa. Magurudumu yazungushwe kwa mkono mara kumi kamili. Ukanda usitoke mahali pake, usiguse kinga, usiguse ukingo wa meza. Wengi huzungusha mara mbili wakaridhika. Lakini ukanda wenye ila huhama kidogo kidogo, na hamu yake ya kutoka huonekana mara ya saba au ya nane.

Jaribio la tatu: washa, zima. Kufuli sasa lafunguliwa. Mtu mmoja tu awe karibu, naye asimame kushoto. Asisimame mtu ye yote upande wa kulia wa mashine, kwani ukanda ukikatika huko ndiko uwezako kurukia. Washa, hesabu moja, zima. Iache isimame yenyewe. Zima tena swichi kuu, fungua milango, tazama kama ukanda ungali katikati.

Jaribio la nne: kuzunguka tupu. Iachwe izunguke dakika 5 bila ya mbao, na masikio yafanye kazi. Mvumo wa sawasawa ni mzuri. Mlio wa “tik, tik, tik” unaorudi kwa kipimo ni kiungo kibaya, jino lililopinda, au ufa. Mtetemeko ni gurudumu lisilo sawa au bolti iliyolegea. Harufu ya mpira ni mkanda wa mota unaoteleza. Lo lote katika hayo likitokea, zima na utafute. Usiseme “itajizoeza yenyewe”. Mashine hazijizoezi, huharibika.

Jaribio la tano: kusimama. Ukizima, ukanda hausimami papo hapo. Magurudumu ni mazito, huendelea kwa nguvu zao. Hesabu kwa saa ni sekunde ngapi mpaka usimame kabisa, uandike, na ubandike ukutani kwa herufi kubwa. Kwa muda huo mtu aondoe mikono na angoje. Watu wengi wameumizwa na misumeno ambayo imekwisha zimwa. Vile vile kijaribiwe kile kitufe chekundu cha dharura: kikibonyezwa kizime mara moja, na kifikiwe na mkono bila ya kuvuka mbele ya ukanda.

Jaribio la sita: umeme kukatika. Twaomba jaribio hili lizingatiwe kuliko yote, maana ndilo linalohusu khasa kisiwa chetu. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka mkoa wa Tanga. Ni neema kubwa, lakini sote twajua kwamba umeme hukatika na kurudi bila ya kupiga hodi. Sasa fikirini: mtu anapasua gogo, umeme unakatika, ukanda unasimama ndani ya mbao. Ainama kulegeza gogo, vidole viko sentimita mbili na meno. Umeme unarudi. Ikiwa mashine itaanza yenyewe, yatakayofuata hayana haja ya kuelezwa.

Basi mashine ikiwa inazunguka tupu, swichi kuu ya ukutani izimwe, kana kwamba umeme umekatika. Ingojewe mpaka ukanda usimame. Kisha swichi kuu iwashwe tena, mtu akiwa mbali. Mashine ilale kimya mpaka kitufe chake chenyewe kibonyezwe. Ikianza kuzunguka yenyewe, haitafanya kazi hata siku moja mpaka fundi aiwekee kiwashio cha namna ile kinachojifungua umeme ukipotea. Hili si la kujadiliwa mkutanoni.

Na hata baada ya kufaulu jaribio hili, desturi yetu iwe hii: umeme ukikatika, neno la kwanza ni kubonyeza kitufe cha kuzima, la pili ni kuzima swichi kuu, ndipo gogo liguswe. Wala gogo lisivutwe kwa nguvu kurudi nyuma, maana litauvuta ukanda utoke katika magurudumu. Tia kabari ya mti katika mpasuko uliokwisha katwa, upanuke, na utoe taratibu.

Jaribio la saba: mbao ya kwanza. Iwe ubao wa mti laini, mkavu, ulionyoka, usio na fundo, wa unene wa inchi moja au mbili. Kinga ishushwe mpaka robo inchi juu ya ubao, pasibaki meno yaliyo wazi zaidi ya hayo. Ngoja ukanda ushike mwendo wake wote. Sukuma polepole, ukiuachia msumeno ule kwa kadiri yake. Vidole viwe ubavuni mwa mstari wa kukata, visiwe mbele yake, wala visikaribie ukanda zaidi ya inchi 3. Inchi za mwisho zisukumwe kwa fimbo ya kusukumia, si kwa dole gumba. Kisha zima, ngoja, na upime kwa skwea ulichokikata. Kikiwa sawa, jaribu ubao mgumu zaidi, kisha mnene zaidi. Ndipo mashine iwe imehitimu.

MITI YETU WENYEWE

Vitabu vya mashine hueleza mbao za dukani, zilizonyoka pande nne. Sisi tutaletewa magogo. Gogo la mviringo likiwekwa mezani bila ya kizuizi, meno hulishika na kulizungusha, nalo huvuta mkono uliolishika. Kwa hivyo gogo la mviringo halitapasuliwa ila limelazwa na kufungwa katika kihori cha mbao chenye umbo la V. Anayesema “nitalishika kwa nguvu” hajui anashindana na nini.

Mfenesi una utomvu unaoganda juu ya ukanda, na mwembe mbichi hutoa unga mzito unaoshikamana na mpira wa magurudumu mpaka ukanda ukarukaruka. Baada ya miti hiyo, umeme uzimwe na magurudumu yapigwe brashi. Mkarafuu uliokauka ni mgumu sana. Upelekwe polepole na kwa ukanda mkali. Na miti ya karibu na nyumba ichunguzwe kwanza: mara nyingi mna misumari ya kuanikia kamba, au waya uliomezwa na gome miaka mingi.

Tukumbushane pia kwamba mkarafuu haukatwi pasipo kibali. Msumeno huu haukuja kuwa adui wa mikarafuu. Atakayeleta gogo lo lote alete na ruhusa yake.

NGUO NA MWILI

Kanzu, koti lililo wazi, mikono mipana, ncha za mtandio, pete na saa, vyote ni mialiko kwa mashine. Vivuliwe au vifungwe. Kandambili ziachwe mlangoni, vivaliwe viatu. Macho yavae miwani ya kukinga, na pua ifunikwe, kwani mwaka 1995 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani walihukumu kwamba vumbi la mbao huleta saratani ya pua.

Katika mwezi wa Ramadhani kazi ya msumeno itakuwa asubuhi tu. Mtu aliyefunga, jua la alasiri limemtoa nguvu, akili yake iko futarini. Hapaswi kusimama mbele ya meno. Wala asiisimamie mashine aliye na usingizi, aliye na hasira, au anayezungumza na rafiki.

Kila jioni ukanda ulegezwe, ili mipira ya magurudumu isipate mabonde na ukanda usichoke.

LIKITOKEA LA KUTOKEA

Mtu akikatwa, zima mashine kwanza. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila ya kuachia, na uinue mkono juu. Usitie majivu, kahawa wala mafuta. Kidole kikikatika kabisa, kifungwe katika kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe katika maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Mgonjwa na kidole chake wapelekwe hospitali pamoja, bila ya kuchelewa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mota hujaribiwa kabla ya kuvisha ukanda?
2. Glavu huvaliwa lini, na huvuliwa lini?
3. Meno ya ukanda hutazama wapi, na yakitazama juu utafanyaje?
4. Umeme umekatika gogo likiwa katikati. Taja mambo matatu kwa utaratibu wake.
5. Gogo la mviringo hulazwa juu ya nini, na kwa sababu gani?

Asiyeweza kujibu yote matano asiguse mashine.

Afisini kumewekwa daftari la mashine lenye mistari saba, mmoja kwa kila jaribio. Kila mstari utatiwa saini na watu wawili waliolishuhudia jaribio lile kwa macho yao. Mpaka saini ya saba iwepo, ufunguo wa swichi kuu utabaki afisini, na hapana barua, udugu wala cheo kitakachoutoa. Kila tawi lituletee majina ya watu wawili, wenye macho mazuri na subira, waje kufundishwa.

Kazi ya kwanza ya mashine itakuwa chaga za ghala, kwa kuwa hizo ni za wote. Ikiwa msimu utatangulia, magunia yatalazwa juu ya mbao kuukuu tulizonazo, na hayatadhurika kwa wiki mbili. Gunia la karafuu hupatikana tena msimu ujao. Kidole hakina msimu wa pili.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama